Makubazi ya Kolhapur, katambuga za Nzega

Desemba 2025 kampuni ya mitindo ya Prada, ya Italia, ilitangaza kwamba ingeuza jozi 2,000 za makubazi ya ngozi yatakayotengenezwa na mafundi wa majimbo mawili ya India, Maharashtra na Karnataka, kwa bei ya takriban euro 800 kwa jozi, ambazo kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Hapa Tabora habari hiyo ilizunguka katika simu za watu na kupokewa kama mwisho mwema wa kisa kilichoanza Juni mwaka huohuo, pale wanamitindo wa Prada walipopita jukwaani mjini Milan wakiwa wamevaa viatu vilivyofanana mno na makubazi ya Kolhapur, mji wa Maharashtra, huku kampuni ikivieleza kuwa viatu vya ngozi tu, bila kuitaja India. Kwa usomaji huo, mwizi alikamatwa, akakiri, akalipa fidia, na sasa ni zamu yetu kuvisajili viatu vyetu kabla mwingine hajaja kuviiba. Nadhani usomaji huo umekosea mahali pawili. Kilichochukuliwa Milan hakikuwa kitu ambacho sheria iliyopo ingeweza kukirudisha, na kilichotolewa kwa mkataba wa Desemba si kile ambacho ufundi wa Kolhapur ulikuwa unakikosa. Ufundi ule ulikuwa umedhoofishwa na mambo ya nyumbani kwake, yaani upatikanaji wa ngozi, bei na heshima, muda mrefu kabla ya jukwaa la Milan, na mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua pia kama makubazi na katambuga, yaani viatu vya tairi, za huku kwetu zitaendelea kupata miguu ya kuzivaa.

Tukianza na kiatu chenyewe, kubazi la Kolhapur hutengenezwa kwa ngozi kuanzia soli hadi juu. Soli ni tabaka za ngozi nene, mara nyingi ya nyati wa kufugwa, na juu yake hupita mkanda mpana uliopambwa kwa msuko mwembamba wa ngozi ya mbuzi, pamoja na pete ya kutia kidole gumba. Halina msumari, kwa kuwa tabaka zake hushonwa kwa nyuzi za ngozi. Ngozi hiyo hulainishwa kwa gome la mti wa babul, ambao ni wa jamii ya migunga na huota pia hapa Tanzania, na kwa tunda la mti uitwao hirda, si kwa dawa za kiwandani. Matokeo yake ni kiatu kigumu kikiwa kipya, kinachohitaji mafuta na siku kadhaa za uvumilivu mpaka kiushike mguu wa mwenyewe. Wapo wanaotaka kitoe mlio kwa kila hatua, na mafundi hukitengeneza makusudi kilie. Aina zake huitwa kwa majina ya vijiji, kama vile Kapashi, Kachkadi, Bakkalnali na Pukari, hivyo mtu anayetaja kiatu chake hutaja papo hapo mahali kilikotoka. Wanaume kwa kawaida hukata na kushona soli, wanawake wakasuka. Ufundi huo hutajwa kuwapo tangu karne ya 12 au ya 13, lakini umbo tunaloliona leo limepita katika mikono mingi, na msukumo mkubwa ulitoka kwa Chhatrapati Shahu, aliyeitawala Kolhapur tangu 1894 hadi 1922, ambaye katika enzi yake vilifunguliwa vituo 29 vya kutengeneza ngozi.

Kuhusu sheria, mwaka 2019 makubazi haya yalipata usajili wa kielelezo cha kijiografia nchini India, yaani ulinzi unaosema kwamba jina la Kolhapur litumike tu kwa viatu vilivyotengenezwa katika wilaya nane zilizotajwa, nne za Maharashtra na nne za Karnataka. Wenye usajili ni mashirika mawili ya umma ya ngozi ya majimbo hayo. Watu wengi waliosikia habari za usajili huo walidhani umekifunga kiatu chote, kuanzia msuko hadi pete, kana kwamba ni hatimiliki ya kiwanja. Ulinzi wa aina hii kwa kweli hulishika jina na asili, ukaliacha umbo nje. Mtu yeyote popote duniani anaweza kushona kubazi lenye mkanda mpana na pete ya kidole gumba mradi asiliite la Kolhapur, na Prada hawakuliita la Kolhapur. Kutotaja jina, kosa lilelile lililowaudhi watu, ndiko kulikowaweka nje ya mkono wa sheria. Julai 2025 Mahakama Kuu ya Bombay ililitupa shauri lililofunguliwa na watetezi wa mafundi, ikieleza kwamba wenye usajili ndio wangepaswa kudai haki yao kwa njia ya kawaida. Shauri likaishia hapo. Prada kwa upande wao walikwisha kukiri kwa barua kwa Chemba ya Biashara ya Maharashtra kwamba viatu vyao vilitokana na ufundi wa India, na walikiri kwa sababu ya kelele za watu. Hakuna hakimu aliyewaamuru.

Mwezi Agosti mwaka huohuo kilitokea Mexico kisa ambacho, kikiwekwa kando ya hiki, kinaonyesha jambo lilivyo kwa upande wa pili. Adidas, kwa kushirikiana na mbunifu wa Marekani mwenye asili ya Mexico, Willy Chavarria, walionyesha kiatu walichokiita Oaxaca Slip-On, ambacho juu yake kulikuwa na kanda za ngozi zilizosukwa kama huarache na chini yake soli nene ya raba za michezo. Huarache ni makubazi ya kusuka ya Mexico, na jina lenyewe limetoka katika lugha ya Wapurépecha wa Michoacán. Msuko ulioigwa ulifanana na ule wa Villa Hidalgo Yalálag, mji wa Wazapoteki katika milima ya jimbo la Oaxaca. Kiatu kilitengenezwa China. Prada walichukua umbo wakaliacha jina, na Adidas wakachukua umbo pamoja na jina la jimbo zima wakaviacha vidole vilivyosuka. Mexico ina sheria ya mwaka 2022 inayolinda urithi wa jamii za asili na zile zenye asili ya Afrika, inayotaka jamii iombwe ridhaa kwanza, na kwa hiyo serikali, hadi kwa Rais Claudia Sheinbaum, ilikuwa na mahali pa kusimama. Mwakilishi wa kampuni alikwenda Yalálag akaomba radhi mbele ya wananchi, na Chavarria naye akaomba radhi kwa maandishi. Kwa kipimo cha sheria, Mexico ilikuwa na silaha bora kuliko India. Hata hivyo mwisho wa visa vyote viwili ulifanana, kwa maana ya radhi na ahadi ya ushirikiano, na baada ya hapo mafundi walirudi kwenye vigoda vyao.

Kwa anayekumbuka, mwaka 2014 mbunifu Mwingereza Paul Smith aliuza kwa takriban pauni 300 kiatu kilichokuwa pacha wa kubazi la Peshawar, la Pakistan, nacho kwanza kilikuwa na jina la Kizungu. Watu walipiga kelele, maelezo yakabadilishwa ili Peshawar itajwe. Kelele hizi zimekuwa na desturi yake, na desturi hiyo ina faida moja ambayo sitaki kuidharau, kwa kuwa huurudisha ukweli kuhusu asili. Wanaosema kwamba hilo ni jambo dogo, kwamba kiatu ni kiatu na mitindo imesafiri tangu enzi za majahazi, wana nusu ya hoja. Ni kweli mitindo husafiri. Kanga zetu zina historia ya leso za Wareno, na shuka jekundu tunalolihesabu kuwa sura ya Mmasai hutoka viwandani. Lakini kusafiri kwa umbo ni jambo moja na kufutwa kwa mtu aliyelisafirisha ni jambo jingine. Anayenunua kubazi la euro 800 hanunui ngozi ya thamani hiyo. Ananunua hadithi iliyo ndani yake, na hadithi ikiuzwa bila kumtaja msimulizi, kipande kikubwa cha bei kinakuwa kimechukuliwa kwake. Hoja nyingine, kwamba Prada wamewafanyia mafundi tangazo la bure, ni dhaifu zaidi. Tangazo humsaidia mwenye duka aliyejaza bidhaa rafuni na mwenye simu ya kupokea oda. Fundi anayeuza kwa mchuuzi, ambaye naye humuuzia mwenye duka mjini, hupata habari za kupanda kwa soko baada ya msimu kwisha.

Sasa tuupime mkataba wa Desemba kwa hesabu za kawaida. Jozi 2,000 zikigawanywa katika wilaya nane ni jozi 250 kwa kila wilaya. Bei yote ya rejareja, jozi zote zikiuzwa, ni euro milioni 1.6, na hiyo ni bei ya dukani, ambayo ndani yake mna kodi ya duka, usafiri, matangazo na faida ya mwenye nembo, kabla hatujafika kwenye ujira wa aliyesuka. Makubazi hayohayo katika masoko ya kwao huuzwa kuanzia takriban dola 12. Sisemi kwamba mkataba ni wa bure. Umepangwa kwa miaka mitatu, unahusisha mashirika mawili yenye usajili, na una mafunzo, mengine nchini Italia. Kijana wa Kolhapur atakayejifunza kumalizia ukingo wa ngozi kwa kiwango cha Milan hatanyang'anywa ujuzi huo mkataba ukiisha. Lakini anayeuita mkataba huu wokovu wa ufundi amechanganya dirisha la duka na ghala. Ufundi wa mahali hulishwa na maelfu ya watu wanaonunua jozi mpya kila ya zamani inapochakaa, na tajiri wa nje huuongezea kitoweo tu. Watu hao wa kila siku ndio waliokuwa wakipungua Kolhapur.

Walipungua kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni malighafi. Mwaka 2015 ilianza kutumika Maharashtra sheria iliyopanua marufuku ya kuchinja ng'ombe hadi madume na maksai, na ingawa nyati hawakuguswa, ngozi ikawa adimu na ghali, na hata aliyeisafirisha kwa halali alifanya hivyo kwa hofu ya makundi yaliyojipa kazi ya polisi. Ya pili ni makubazi ya plastiki na ya ngozi bandia yanayofanana na ya asili kwa macho, yasiyolia wala kuuma mguu siku ya kwanza, na yanayouzwa kwa bei ndogo zaidi. Ya tatu, ambayo magazeti ya nje huipitia kwa haraka, ni kwamba kuchuna, kuloweka na kushona ngozi katika mpangilio wa matabaka ya India kulibebeshwa watu waliohesabiwa najisi. Kiatu kilivaliwa na mkulima, bwana harusi na mwanasiasa, lakini mkono uliokishona haukukaribishwa kwenye kisima. Mtoto wa fundi aliyefika chuoni ana sababu nzuri ya kutotaka kurudi kwenye kigoda cha baba yake, na sioni ni kwa haki gani mpenda utamaduni aliyekaa mbali angemlaumu. Chhatrapati Shahu alilielewa jambo hilo karne moja na zaidi iliyopita, maana mtawala huyohuyo aliyefungua vituo vya ngozi ndiye aliyetenga mwaka 1902 nusu ya nafasi za kazi za dola yake kwa watu wa matabaka yaliyonyimwa. Katika utawala wake ngozi na heshima vilikwenda pamoja. Mkataba wa Prada unagusa bei ya jozi 2,000, na haugusi mambo haya matatu isipokuwa kwa mbali.

Suala la heshima lina upande wa mvaaji pia, na hapo ndipo Mexico inapofundisha zaidi kuliko India. Huarache ni kiatu cha mkulima na cha Mwenyeji wa Amerika, na kwa muda mrefu mtu wa mjini aliyetaka kumtukana mwenzake alimwita huarachudo, yaani mvaa huarache, kwa maana ya mshamba asiyestaarabika. Kuanzia miaka ya 1930 soli za ngozi zilianza kubadilishwa kwa vipande vya matairi ya gari yaliyokwisha, na hivyo mtu wa Nzega akiiona huarache ya leo atasema hii ni katambuga iliyosukwa juu. Mwaka 2017 mwanamke wa Kirarámuri, mojawapo ya jamii za asili za Mexico, aitwaye María Lorena Ramírez, alishinda mbio za kilomita 50 za milimani katika jimbo la Puebla akiwa amevaa sketi na makubazi ya soli ya tairi, na dunia ikashangaa. Mshangao ule unasema mengi kuhusu wanaoshangaa. Wararámuri wamekimbia katika mabonde yao kwa makubazi kwa vizazi vingi, na mwaka 1993 mzee wao mmoja wa miaka 55, Victoriano Churro, alishinda mbio za maili 100 za Leadville, Marekani, kwa kiatu cha namna hiyo. Miaka miwili kabla ya ushindi huo wa Leadville, Nike walikuwa wameingiza sokoni raba waliyoiita Air Huarache. Jina lililokuwa tusi mjini Mexico likawa mtindo mara lilipobandikwa kwenye raba ya bei kubwa. Aliyelivaa jina hilo kwa karne nyingi hakupandishwa hata ngazi moja.

Nimeliona jambo hilohilo kwa macho yangu hapa kwetu, katika foleni ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Mzee mmoja mfugaji, aliyesafiri tangu alfajiri, alifika langoni akiwa amevaa kaniki safi na katambuga. Mlinzi, kijana mwenye adabu, akamwambia, "Shikamoo mzee wangu. Kavae viatu kwanza ndipo uingie." Mzee akajibu salamu, akaitazama miguu yake, akauliza, "Na hivi ni nini, mwanangu?" Hakujibiwa. Hatimaye aliazima raba za kijana wa bodaboda, zilizochanika ubavuni kiasi kwamba kidole kidogo kilichungulia, akaruhusiwa kupita. Katambuga zake zikabaki nje kando ya pikipiki, imara, bila ufa.

Kwa wasiozijua, katambuga hukatwa kutoka kwenye tairi chakavu. Fundi hukaa barazani au chini ya mwembe, hulichovya jisu lake katika maji ili lisikwame ndani ya mpira, hulifuata umbo la mguu alilolichora kwa chokaa, kisha hutoboa na kupitisha kanda za mpira mwembamba au za ngozi. Mfugaji wa Igunga au wa Nzega huzivaa kwa sababu ambayo haina uhusiano na umaskini peke yake, kwa kuwa mwiba wa mgunga hupenya ndala za kawaida kama zimetengenezwa kwa uji, lakini tairi huuvunja. Makubazi ya ngozi, kwa upande wao, huku bara yanakwenda na kanzu. Mavazi ya pwani yalifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji katika karne ya 19, na mpaka leo, Ijumaa mchana, ukipita mbele ya msikiti wowote wa Ng'ambo, Isevya au Gongoni utaona safu ya viatu mlangoni na kuweza kukisia umri wa waliomo ndani. Makubazi ya ngozi yenye gidamu iliyoshonwa kwa mkono ni ya wazee. Ya plastiki ni ya vijana. Hivyo viatu vyetu viwili vya asili vina wavaaji wa aina mbili, mfugaji na mzee wa mjini, na wote wawili wanapungua, mmoja kwa kuonewa haya na mwingine kwa kufa.

Hapo ndipo ninapopatana na wale wanaosema tuvisajili viatu vyetu, na hapo hapo ndipo ninapoachana nao. Hofu yao si ya kubuni. Wakenya walilazimika kupinga ombi la kampuni ya Uingereza iliyotaka kulisajili neno kikoi, likiandikwa kwa herufi y mwishoni, kuwa alama yake ya biashara, mpaka kampuni hiyo ikaachana na ombi mwaka 2008. Zanzibar ina Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2008 yenye kipengele cha vielelezo vya kijiografia, wakati Bara tumebaki tukiegemea Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo haikutungwa kwa kazi hiyo. Pengo hilo linafaa kuzibwa, na kama lingezibwa kesho ningetaka asali ya Tabora iwe ya kwanza, kwa sababu jina hilo tayari hubandikwa kwenye chupa ambazo nyuki wa miombo hawajawahi kuzisikia. Lakini ulinzi wa jina hufaa pale jina linapokuwa na thamani sokoni, yaani pale mnunuzi anapouliza, hii ni ya wapi? Kolhapur jina lilikuwepo kabla ya usajili, na watu walikuwa wakilitamka kwa fahari wakienda harusini. Katambuga ya Nzega haina jina la kuibiwa. Mnunuzi wake haulizi ilikatwa wapi, na mwenye ofisi haamini kwamba ni kiatu. Na umbo lake, kama tulivyoona Mexico, limevumbuliwa mahali pengi pasipowahi kupelekeana barua, kila palipokuwa na tairi bovu na mtu mwenye safari. Tukienda kwa msajili na kitu ambacho sisi wenyewe tunakivulisha watu langoni, tutapewa cheti cha kutundika ukutani.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo naiona nzito zaidi kuliko ya usajili, nayo ni ya wale wasemao kwamba viatu hufa kama vitu vingine, kwamba kijana wa Tabora ana haki ya kuvaa raba, na kwamba kumtaka avae makubazi ili utamaduni uishi ni kumgeuza sanamu la makumbusho. Nakubali haki hiyo bila masharti. Nisichokubali ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba uchaguzi wa kijana huyo umefanywa katika uwanja ulio sawa. Kubazi la ngozi lililoshonwa vizuri linaweza kuzipita ndala za plastiki kwa umri mara kadhaa, na kwa hesabu ya miaka mitatu huwa rahisi kuliko ndala, lakini ni lazima uwe na fedha ya jozi nzima siku moja. Ndala hulipiwa kwa chenji ya sokoni. Tena kubazi hilo sharti lipatikane, na kwa kupatikana kwake tunarudi kwenye malighafi, ambako kisa cha Kolhapur na cha kwetu vinapishana kwa namna ya kuchekesha kama isingekuwa ya kuhuzunisha. Wao walinyimwa ngozi na sheria. Sisi tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30 nchini, tuna minada Igunga na Nzega ambako vumbi lake huonekana kabla hujafika, tuna Sheria ya Biashara ya Ngozi ya mwaka 2008, na fundi wa barazani hana ngozi.

Hana kwa sababu ng'ombe wengi hupakiwa kwenye malori wakiwa hai, na wale wanaochinjwa hapa hutoa ngozi iliyokwisha kuharibika. Mfugaji hupiga chapa ya moto mgongoni au kwenye paja, sehemu pana ambayo fundi angeitaka, ili alama ionekane kwa mbali. Mwiba na kupe huongeza yao. Mchunaji naye hulipwa kwa haraka, si kwa uangalifu, na kisu chake huacha matobo ambayo hayaonekani mpaka ngozi iwambwe. Kisha ngozi hiyo yenye makovu husafiri kwenda mbali kulainishwa, na ikirudi hurudi kwa bei ya mjini. Chuo cha karibu chenye mafunzo ya teknolojia ya ngozi ni kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam iliyoko Mwanza, na gome la jamii ya migunga, lile ambalo Kolhapur wamelitumia kwa karne nyingi, hapa huishia kwenye tanuri la mkaa pamoja na shina lake. Kwa hiyo kama halmashauri za mkoa huu zingetaka kufanya jambo moja lenye matokeo kwa viatu vya asili, ningezishauri zianze kwenye machinjio, kwa kumlipa mchunaji kwa ubora wa ngozi na kumshawishi mfugaji apige chapa shavuni au chini ya mguu, kabla ya kuandaa maonyesho yoyote ya utamaduni. Jambo la pili halihitaji hata bajeti. Ni kuondoa kwenye malango ya ofisi tafsiri ya neno "viatu" inayomkataa aliyevaa ngozi au tairi na kumpokea aliyevaa raba iliyochanika.

Wiki iliyopita nilimtembelea fundi mmoja wa makubazi aliye karibu na soko kuu, nikamwagiza jozi. Alinionyesha ngozi atakayotumia, laini, ya kahawia, safi kuliko nilivyotarajia, nikamuuliza aliipata wapi. Ilikuwa mkoba wa kike wa mitumba, aliounyambua mishono. Alisema mkoba mmoja mkubwa hutoa kanda za jozi mbili, na buti moja refu hutoa gidamu nyingi kidogo, ingawa mabuti mazuri siku hizi yanagombewa. Alipougeuza ukanda ili anipime mguu, upande wa ndani ulikuwa na mstari wa matundu madogo ya sindano ya zamani, na akaniambia nisiwe na wasiwasi, upande huo utakaa chini.